Nepi Nyeupe za Kavoi

Katika ploti yetu pale Silanga, Nairobi, vyumba ni vingi lakini kamba ya nguo ni moja. Ukitaka habari za jirani huna haja ya kuuliza. Angalia kamba. Utajua nani amepata kazi ya askari, nani ameachwa na bwana, na nani amejifungua.

Mwaka ule wa tisini na saba, nguo zilizosifiwa kwenye kamba zilikuwa nepi za Jael. Jael alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili. Alitoka upande wa ziwa, akaolewa na Mkamba anayeitwa Muema, ambaye hukata nyama kwenye bucha moja Kawangware. Mtoto wao wa kwanza walimwita Kavoi, jina la babu yake. Mama yake Muema, mzee Syombua, alikuja kutoka Kitui kusaidia kulea, na kazi yake kubwa ikawa kufua nepi.

Nepi zenyewe zilikuwa nyeupe ajabu. Sisi tuliolea tunajua nepi ya mtoto anayenyonya. Ile manjano ya choo haitoki hata ukisugua kwa jiwe. Lakini nepi za Kavoi ziliingia majini na kutoka kama hazikuwahi kuvaliwa.

"Mama Muema, unatumia sabuni gani?" wanawake walimwuliza.

"Si sabuni, ni mkono," Syombua alijibu. "Nyinyi wa Nairobi mnafua mkiongea."

Kavoi alisifiwa pia kwa rangi. Muema ni mweusi. Jael ni mweusi kumshinda. Lakini mtoto alikuwa na rangi ya chapati iliyoiva vizuri.

"Amefuata watu wetu," Syombua alisema. "Marehemu baba yangu alikuwa hivi hivi."

"Hapana, Mama," Jael akajibu kwa adabu. "Huyo ni shangazi yangu mtupu. Yule wa Rusinga."

Walibishana hivyo kila Jumapili tukitoka kanisani. Jirani yetu Okello, muuza omena wa kule Kisumu Ndogo, alisema hajawahi kuona mtoto anayepiganiwa na makabila mawili kama kiti cha bunge.

Mimi ni mtu wa kutazama kwanza, kusema baadaye. Niliona jambo moja pale kwenye kamba. Nepi za choo zilitoka nyeupe, lakini nepi za mkojo zilibaki na madoa kama ya chai ya rangi. Kwa mtoto mchanga huwa ni kinyume. Mkojo wa mtoto ni kama maji, choo ndicho chenye madoa.

Niliona na jambo la pili. Kavoi alipozaliwa, waliambiwa wamtoe kwenye jua la asubuhi kidogo kwa sababu alikuwa na manjano. Watoto wengi huwa nayo siku za mwanzo, kisha inaisha. Ya Kavoi haikuisha. Basi Syombua akaongeza jua. Kila asubuhi mtoto aliwekwa uwanjani ndani ya karai, juu ya leso, akigeuzwa huku na huku.

Okello alisimama na gunia lake begani akaangalia.

"Mama Muema, hata omena zangu zinakauka kwa siku moja. Huyu umemwanika tangu mwezi jana."

"Wewe uza samaki," Syombua akamwambia.

Nikamwinamia mtoto pale karaini. Akafungua macho. Pale panapopaswa kuwa peupe palikuwa pa manjano, kama kiini cha yai la kienyeji.

"Jael," nikasema, "rangi ya ngozi mtu hurithi. Macho ya manjano hayarithiwi na mtu. Mpeleke kwa Sista kule kliniki."

Syombua alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama Shivachi, ni wivu huo?"

"Ni macho, mama yangu. Nimepewa niyatumie."

*

Bahati nzuri, wiki hiyo ilikuwa ya chanjo ya wiki sita. Jael alikuwa amejifungulia katika kliniki ndogo kule Kawangware, ng'ambo ya barabara kutoka bucha ya Muema. Tukaenda sote watatu pamoja na mtoto. Syombua alibeba furushi la nepi safi ili watu wa Kawangware waone kazi.

Nesi wa pale aliitwa Sista Rahab. Alimfungua mtoto, akamtazama macho, kisha akambonyeza tumbo upande wa kulia.

"Mama, nipe nepi ya choo."

Syombua akafungua furushi kwa fahari. "Chagua yoyote, Sista."

"Nataka chafu."

"Sisi hatuna chafu," Syombua akasema. "Kwetu zinafuliwa mara moja."

Kavoi ndiye aliyemaliza ubishi. Alijikunja, akawa mwekundu usoni, na nepi ikapatikana. Sista akaipeleka dirishani. Choo kilikuwa cheupe kama uji wa unga uliokobolewa.

"Tangu lini kiko hivi?"

Jael na Syombua wakatazamana. "Si ndivyo kilivyo?" Jael akauliza. Kwake huyo alikuwa mtoto wa kwanza. Na Syombua alikuwa amelea wake miaka mingi iliyopita, tena macho yake hayaoni vizuri. Alichojua yeye ni kwamba nepi zinatakata.

Sista akamwita baba wa mtoto. Muema alivuka barabara akiwa na koti lake jeupe la bucha, lenye damu kifuani. Wagonjwa wawili waliokuwa kwenye benchi wakainuka wakaondoka bila kuaga.

"Baba Kavoi," Sista akasema, "ukipasua ng'ombe, chini ya ini kuna kifuko cha kijani. Kinaitwaje?"

"Nyongo," Muema akasema. "Hiyo mtu haguzi ovyo. Ikipasuka nyama inakuwa chungu, mteja anakurudishia usoni."

"Sawa. Ini ndilo linalotengeneza hiyo nyongo. Inapita kwenye mrija mwembamba, inashuka mpaka matumboni. Ndiyo inayokipa choo rangi. Choo kikiwa cheupe, nyongo haishuki. Imekwama. Inarudi kwenye damu, inajitokeza machoni, kwenye ngozi, na kwenye mkojo."

Muema akafikiri. "Kwa hivyo mama yangu si kwamba anafua vizuri."

"Mama yako anafua choo kisicho na nyongo. Hata mimi ningesifiwa."

Syombua akazikunja tena nepi zake nyeupe. Alifunga furushi lake polepole.

"Na jua?" Jael akauliza.

"Mtoto akipita wiki mbili bado ana manjano, usiongeze jua. Lete mtoto. Na choo kikiwa cheupe, hata usingoje hizo wiki mbili. Mambo haya yanataka haraka."

Siku hiyo hiyo akawaandikia waende hospitali kubwa mjini.

*

Kule mjini walikutana na Daktari Lusweti, mama mmoja mtulivu wa magonjwa ya watoto. Alimpima Kavoi damu. Alimpitishia tumboni mashine ya altrasaundi, ile inayoonyesha ndani ya mwili kwa sauti isiyosikika, bila kukata na bila maumivu. Kisha akawakalisha.

"Ini la mtoto huyu lina moja kati ya shida mbili," akasema. "Ya kwanza, limevimba tu. Hiyo tunampa dawa na vitamini, tunangoja, mara nyingi linapoa. Ya pili, ile mirija ya nyongo imeziba. Hiyo haiponi kwa dawa. Inataka upasuaji, na inafaulu zaidi mtoto akiwa hajapita miezi miwili hivi. Tukichelewa, ini linakuwa gumu kama soli ya kiatu, na hapo tutakuwa hatuna la kufanya."

"Na yake ni ipi?" Jael akauliza.

"Hapo ndipo kazi ilipo. Kwa nje zote mbili zinafanana. Tukikisia tunaweza kumpasua mtoto bure, au kungoja dawa huku ini linaharibika. Lazima tuchukue kipande kidogo cha ini kwa sindano, kikaangaliwe kwa hadubini."

Muema alikuwa ametulia mpaka hapo. "Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo sana."

"Daktari, mimi ninauza maini. Mtu akiniambia kidogo sana ninampimia robo kilo. Huyu mtoto mzima ana kilo nne."

"Si cha mizani, Baba Kavoi."

"Halafu ini si paja. Ukilidunga linatoka damu kama bomba. Na nyongo imelala hapo hapo chini yake. Mimi ng'ombe anakuwa ametandazwa wazi mbele yangu, ninaona kila kitu, na bado nimewahi kupasua nyongo. Wewe utalenga vipi mtoto mdogo namna hii, na ngozi imefunika?"

Lilikuwa swali zuri. Ubaya ni kwamba hakungoja jibu. Alimchukua mtoto, akamfunika leso, akatoka. Jael akamfuata akilia.

Jioni ile alisema maneno yake uwanjani ili ploti nzima isikie. "Wale ni wakata nyama wenzangu. Watanificha nini? Tofauti ni kwamba mimi nangoja mnyama afe kwanza."

"Nimesikia maini yanauzwa ng'ambo," Okello akaongeza.

"Umesikia wapi?" nikamwuliza.

"Kwa watu."

"Watu gani?"

Okello akakumbuka kwamba omena zake ziko nje.

*

Wiki ikaanza kukatika. Kavoi alinyonya, akalala, akazidi kuwa wa manjano. Hakuna aliyesema tena rangi ya chapati. Akaanza kujikuna uso kwa vidole vyake, usiku na mchana, kwa sababu nyongo ikikaa kwenye damu huwasha ngozi.

Jael hakugombana. Alipika, akapakua, akanyonyesha. Aliyepigana vita alikuwa Syombua. Yule mama alikuwa ameumia moyo. Watu walimsifu kwa ugonjwa wa mjukuu wake, naye akashukuru. Basi sasa hakuna nepi aliyoifua kabla mwanawe hajaiona. Kila Muema alipokaa kula, mama yake alikuja na nepi iliyokunjuliwa, akaiweka chini ya taa, kando ya sahani.

"Muema, hii ni rangi gani?"

"Mama, ninakula."

"Kula. Mimi ninauliza rangi tu."

"Nyeupe, Mama."

"Haya, endelea kula."

Muema akakonda. Hata kazini hakupona. Kila ini lililoletwa juu ya gogo alilitazama kama linataka kumwambia kitu. Siku moja akajikata kidole, yeye ambaye tangu ujana hajawahi kujikata. Akarudi nyumbani na plasta kubwa ya kuzunguka kidole chote, akaja kukaa kwenye kiti changu mlangoni.

"Mama Shivachi, sisi tunaomba," akasema. "Mchungaji amemwekea mtoto mikono."

"Hata mimi ninaomba," nikasema. "Lakini ulimwuliza daktari swali zuri, ukakimbia jibu. Rudi ukalichukue. Maombi yataendelea mkiwa njiani. Mungu hashindwi kumsikia mtu kwa sababu anatembea."

Jael alikuwa amesimama nyuma yetu, mtoto mgongoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini sote tuliisikia.

"Baba Kavoi, Jumatatu mimi ninarudi kwa Daktari. Hata mimi ni mzazi, nitatia sahihi mwenyewe. Ukitaka, utatukuta huko."

*

Jumatatu nilimsindikiza Jael nikibeba mfuko wa mtoto. Syombua alibeba nepi, chafu safari hii. Tulikaa kwenye benchi tukingoja zamu yetu. Mara tukasikia zogo kwenye korido.

Alikuwa Muema. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Koti jeupe, damu kifuani, viatu vya mpira, na kwapani kitu kikubwa kilichofungwa kwa gazeti, kinachotona. Askari wa getini alimpigia saluti akidhani ni daktari wa upasuaji. Korido nzima ilimpisha. Bwana mmoja aliyekuwa anangoja kupasuliwa henia alimwuliza nesi kama anaweza kurudi mwezi ujao.

"Daktari," Muema akasema alipofika mlangoni, "nimekuja na swali langu."

Akafungua gazeti juu ya meza. Lilikuwa ini zima la ng'ombe, na nyongo yake bado imeshikana chini, kijani, imejaa.

"Hili hapa ni ini. Hii hapa ni nyongo. Mimi nitalifunika kwa leso. Wewe nionyeshe utakavyolenga."

Nilidhani atafukuzwa. Daktari Lusweti alilitazama lile ini, akamtazama Muema, akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba Kavoi, unajua wanafunzi wetu wanajifunzia wapi? Kwenye ini la bucha. Umeniletea darasa. Ngoja nimalize wagonjwa wangu."

Baadaye alitupeleka chumba cha altrasaundi. Aliweka ini kwenye beseni ya plastiki, akalifunika kwa karatasi nyeusi ya nailoni, akapaka mafuta mazito ya baridi. Alipoweka kile chombo cha mashine juu yake, kioo kikawaka. Kilikuwa kama televisheni yenye chenga.

"Mimi sioni kitu," Muema akasema.

"Tulia. Hii ya kijivu yote ni ini. Unaona hapa, kitu cheusi kama kibuyu?"

Muema akasogea. Kazi ya miaka yote ile ikamsaidia. "Hiyo ni nyongo," akasema polepole. "Na hii mistari myeusi ni mishipa ya damu. Huu mkubwa ninaujua. Huu nikiukata vibaya, meza nzima inaloa."

"Umeiona haraka kuliko wanafunzi wangu. Sasa tazama sindano."

Sindano ikaonekana kwenye kioo kama mstari mweupe. Ilipita mbali na kibuyu, ikapita kando ya mshipa mkubwa, ikasimama kwenye kijivu kitupu. Ikalia tik. Ikatoka. Daktari akaweka kilichotoka kwenye kichupa chenye maji. Kilikuwa kama uzi wa tambi, urefu wake hata ukucha wa kidole gumba haujafika.

Muema akainua kichupa kwenye mwanga. Akakigeuza. "Ndicho hiki?"

"Ndicho hicho. Cha mtoto ni chembamba zaidi."

"Daktari, hiki hata paka angelalamika."

Lakini mtu wa bucha haachi heshima yake iende bure. Alirudisha kichupa, akakunja mikono ya koti.

"Nipe na mimi. Bila mashine. Mimi ninalijua ini hata nikiwa nimelala."

Daktari akampa sindano, akageuza kioo upande mwingine. Muema akapapasa juu ya nailoni kwa vidole, akahesabu kwa midomo, akafumba jicho moja, akadunga.

Nyongo ikaruka. Ikampata kifuani, ikampata kidevuni, ikachirizika kijani juu ya lile koti jeupe. Kwa bahati mbaya mdomo ulikuwa wazi kidogo. Alikunja uso mzima kama kitambaa kilichokamuliwa.

Syombua, aliyekuwa amekaa kwenye kona, akasema kwa utulivu, "Muema, hiyo nayo ni rangi gani?"

Sote tukacheka, hata Jael, ambaye hatukumsikia akicheka tangu siku ile ya Kawangware. Daktari akampa Muema kitambaa.

"Zamani ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Mtu alipima kwa vidole na kukisia. Wengi walipona, wengine walipata madhara. Sasa tunaona njia kabla ya kupita na tukiwa tunapita."

Muema akajifuta. Akawa mpole. "Na damu?"

"Sitakudanganya. Mara chache damu inatoka zaidi ya tunavyotaka. Ndiyo maana hatudungi ovyo. Kwanza tunapima kama damu yake inaganda. Mtoto ambaye nyongo imekwama hukosa vitamini K, na bila hiyo damu haigandi vizuri, kwa hivyo tunamdunga vitamini hiyo kwanza. Halafu tunamtia ganzi na dawa ya usingizi. Tukimaliza analala hapa wodini, ubavu wa kulia, ini lijibane lenyewe. Nesi anampima mapigo na presha tena na tena. Haondoki mpaka turidhike."

"Na lile shimo?"

"Linaziba lenyewe. Ini la mtu hujiotesha. Hilo la ng'ombe wako haliwezi tena, lakini la Kavoi linaweza."

Muema akamtazama mtoto mgongoni mwa mama yake. Kavoi alikuwa anajikuna shavu akiwa usingizini.

"Mfanyie," akasema.

*

Walimfanyia baada ya damu yake kuonekana inaganda sawasawa. Asubuhi hiyo hakunyonya, kama walivyoagizwa, ili asitapike akiwa usingizini. Alilia njaa mpaka Jael naye akalia. Kisha wakamchukua.

Syombua alipiga magoti kwenye korido akaomba kwa Kikamba, kwa sauti. Mimi niliomba kimya upande wa pili. Muema alisimama wima katikati yetu, akishika ukuta. Kabla Syombua hajafika kwenye Amina, mlango ukafunguliwa.

"Amesahau kitu?" Muema akamwuliza nesi.

"Tumemaliza," nesi akasema.

Kavoi aliletwa amelala. Jael akainua nguo yake ubavuni. Palikuwa na plasta moja ndogo ya duara. Muema akaitazama, kisha akatazama ile plasta kubwa ya kidole chake mwenyewe. Akauficha mkono mfukoni.

Walikaa naye mpaka kesho yake. Nesi alikuja, akapima, akaenda, akarudi. Hakuna damu iliyotoka. Kavoi aliamka, akataka ziwa, akanyonya kama mtu aliyedhulumiwa.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Daktari aliwakalisha tena.

"Ni ile ya pili," akasema. "Mirija imeziba. Lakini ini bado halijawa gumu. Mmekuja ndani ya wakati, ingawa mlango ulikuwa karibu kufungwa."

Muema akainamisha kichwa kwa ajili ya ile wiki aliyoipoteza. Jael akaweka mkono juu ya wake.

Wakampasua. Hiyo ndiyo kazi kubwa, ya saa nyingi. Waliunganisha utumbo na ini lenyewe, nyongo ipate njia mpya ya kushukia. Kisha wote wakawa na jambo moja la kungoja, nalo si la kusemwa mezani. Walingoja choo.

Syombua aliwekwa kuwa mlinzi wa nepi. Kila iliyofunguliwa aliipeleka dirishani, kama alivyofanya Sista Rahab, akaivalia miwani ya mama wa mtoto wa kitanda cha jirani. Nyeupe. Nyeupe tena. Nyingine nyeupe, lakini kwa mbali kama maziwa yaliyotiwa chai. Wamama wa wodi nzima wakaanza kumwuliza bibi huyo kila asubuhi, "Shosho, leo je?"

Siku ya ile nepi nilikuwa nimekwenda kuwaona. Syombua alienda dirishani, akakaa sana. Aligeuka, akaja katikati ya wodi, akaiinua juu kwa mikono miwili kama bendera. Ilikuwa kijani na manjano, nzito, mbaya, yenye harufu.

"Rangi," akasema. Hakusema lingine. Akaketi chini akalia.

Ile nepi alikataa kuifua. Aliifunga kwenye karatasi mbili, akaja nayo Silanga, akatuonyesha sote pale kwenye kamba. Tulipanga foleni. Okello alitazama kwa muda, akavua kofia. Jumapili Syombua alitaka kuipeleka kanisani kwa ushuhuda. Mchungaji akamwomba ashuhudie kwa maneno tu.

*

Kavoi alirudi nyumbani, na manjano yakaondoka polepole, kwanza usoni, mwisho machoni. Ilibainika kwamba ni mweusi kama baba yake. Hakuna bibi wala mama aliyempigania tena. Bado anapelekwa kliniki kila anapoagizwa, na dawa zake hazikatizwi, kwa maana ini lililoguswa linahitaji kuangaliwa miaka mingi. Lakini anacheka, anakula, na nepi zake zilikuwa na madoa kuliko zote katika ploti. Syombua alizitundika mbele, mahali pa kuonekana.

Aliyebadilika zaidi ni Muema. Mwanamke yeyote mwenye mtoto mchanga akifika bucha, kabla hajapimiwa nyama, huulizwa.

"Mama, choo cha mtoto ni rangi gani?"

"Nimefuata nusu kilo ya mifupa."

"Nimesikia. Choo ni rangi gani?"

Wengine walimtukana. Wengine walihamia bucha ya pili. Mwenye bucha alimwonya kwamba nyama na choo havitajwi kwenye meza moja. Muema akasema sawa, na mteja aliyefuata akamwuliza kwa kunong'ona.

Siku moja alikuja dada mmoja anayeitwa Ndanu, kutaka matumbo. Muema akauliza. Ndanu akasonya, akaacha matumbo yake kwenye mizani, akaenda zake. Kesho yake alirudi kabla bucha haijafunguliwa. Alikuwa na kitoto kwenye leso na nepi iliyokunjwa mkononi, na uso wake haukuwa na ugomvi tena.

"Kaka," akasema, "hebu itazame."

Muema akaipeleka kwenye mwanga. Akaikunja tena taratibu, akarudisha kufuli mlangoni mwa bucha, na akamvusha Ndanu barabara mwenyewe hadi kwa Sista Rahab.

"Watataka kipande cha ini," alimwambia wakivuka. "Usiogope. Ni kidogo, hata paka angelalamika."